Kofia ya Papa kwenye Kitanda cha Mwitalia

Mniwie radhi mapema, maana kisa hiki nitakiharibu. Mimi nimezoea kusimulia nikiwa nimesimama, kipaza sauti mkononi, mbele ya watu walioshiba na kulipa kiingilio. Nikikaa chini kuandika, najikuta nanyamaza kila baada ya sentensi mbili nikingoja watu wacheke, na mezani hapa hakuna wa kucheka isipokuwa paka. Halafu kisa chenyewe kina mzee wa Kiitalia, kina kofia, kina sahani, na mwishoni kina maiti. Mnaona? Nimeshamtoa maiti kabla hata sijamsalimia mzee.

Utotoni kwangu, miaka ile nilipokuwa bado na shingo, tuliishi Durban, pale Overport inapoanza kupanda kuelekea Berea. Tulikuwa na chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyeitwa Saverio. Sisi tulikuwa tumetoka Uvira, Kongo. Papa, ndivyo nilivyomwita baba, alilinda magari ya wateja kwenye maegesho ya maduka, na Maman alimtunza mzee: alimwogesha, akampikia, akampa dawa. Binti wa mzee, Bi Rina, aliishi Australia na alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Ni yeye aliyempa Maman kazi, na chumba cha uani kilikuja pamoja na kazi. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi hata kwa akili yangu ya mtoto: mzee akiwa hai, tuna paa, mzee akifa, hatuna.

Siku ya kwanza kabisa Maman alikuwa jikoni akimtukana tumbili aliyeingia dirishani na kuchukua mkate. Durban tumbili wana tabia hiyo, na wanachagua mkate mpya. Maman alikuwa anamtukana kwa Kiswahili, matusi yetu ya Uvira, ya chini chini, ya mtu aliyeokoka. Ghafla sauti ikatoka chumbani kwa mzee.

"Mama, wewe toka wapi? Hiyo Kiswahili."

Maman aliniambia baadaye kwamba alidhani ni pepo.

Kumbe mzee alikuwa amezaliwa milimani Kalabria, kusini kabisa mwa Italia. Kijana hata ndevu hazijatulia, serikali yao ya wakati ule ikamvika sare na kumpeleka Uhabeshi kutafuta himaya. Himaya yenyewe hakukaa nayo sana. Waingereza walimkamata, wakampeleka Kenya katika kambi ya wafungwa wa vita, na huko akakaa miaka akivunja mawe ya barabara na kujifunza Kiswahili kwa wapishi na askari walinzi. Vita vilipokwisha hakurudi kwao. Alifuata kazi ya uashi mpaka Durban, akaoa, akajenga, akazika mke, na sasa alikuwa kitandani na miaka tisini, na Kiswahili chake cha kambini kikiwa kizima kama nyama ya kopo.

Nilimuuliza siku moja kama yeye ni Mwitalia kweli. Nilikuwa nimesikia shuleni kwamba Waitalia wote wanaimba, na huyu hakuimba.

"Mimi toka nyumbani, mimi mtu ya kijiji," akasema. "Italia iko neno ya mwalimu. Ile jeshi, sajini yetu toka Torino. Yeye sema, mimi hapana sikia. Mimi sema, yeye cheka. Halafu Kenya, sisi yote nyuma ya senyenge, mkate moja, chawa moja. Kule ndiyo mimi nakuwa Mwitalia."

Maman alikuwa anamkata kucha. Akasema, "Ni vile vile na siye, muzee. Kule kwetu tulikuwa batu ba Uvira. Ni huku Durban njo tumekuwa Bakongomani."

Barabarani tulikuwa makwerekwere, tusi lao kwa Waafrika wageni, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Mzee alinifundisha kuongea kwa mikono. Vidole vitano vimebanwa pamoja vinatikiswa: unataka nini. Kidole shavuni kinazungushwa: chakula kitamu. Mkono chini ya kidevu unarushwa mbele: sijali, nenda zako. Ile ya mwisho niliitumia kwa mwalimu wa hesabu, na Papa akaitwa shuleni. Naweza kusema chumba kile chenye harufu ya dawa ya kuchua ndicho kilikuwa jukwaa langu la kwanza, na mzee ndiye mtazamaji wangu wa kwanza ambaye hakuweza kutoka katikati ya onyesho.

Pamoja na mikono alikuwa na miiko. Kumi na saba namba mbaya. Chumvi haipokelewi mkononi, inawekwa mezani ndipo mwenzako aichukue. Ukimsifu mtoto, gusa chuma. Na kama mtu anaumwa kichwa bila sababu, basi kuna jicho limemwangalia vibaya. Mama yake mzee alikuwa akichukua sahani ya maji, anadondosha matone ya mafuta ya zeituni, anasema maneno. Tone likikaa zima, huna kitu. Tone likifunguka na kupotea, una jambo, na zito. Maman alisikiliza haya yote akicheka kidogo, kama mtu anayesikia habari za ndugu zake waliopotea. Kwetu pia mtoto hasifiwi ovyo.

Mwaka wa Kombe la Dunia ulifika. Durban ilijaa bendera na mavuvuzela. Italia ilikuja ikiwa bingwa, na ikatolewa mapema kabisa, mkiani mwa kundi lake. Mzee alitazama mechi ya mwisho akiwa kitandani. Filimbi ilipolia alivuta blanketi mpaka kidevuni, akasema kwa mikono ile ya "nenda zako", basi.

Sisi tulikuwa na habari nyingine za mpira. Maneno yalikuwa yanazunguka kwenye taksi na kwenye foleni za duka: mpira ukiisha, wageni watafungasha. Mwanamke aliyekuwa akituuzia nyanya alimwambia Maman huku anampa chenji, tena kwa upole, "Muanze kupanga, dada, wazungu wa mpira wakiondoka na nyinyi zamu yenu." Papa akaanza kulala na suruali. Miaka miwili nyuma, wageni walipopigwa mitaani, tuliona wenzetu wakikimbia na magodoro kichwani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia anaogopa bure.

Ndipo ikaja asubuhi ya kofia.

Mgongo wa Maman ulikuwa umemkamata, na mzee alitakiwa kugeuzwa. Akamwita Papa aje ainue kabla ya kwenda kazini. Papa akaingia na sare yake: koti la rangi ya machungwa, na kofia nyeusi ya ulinzi yenye ukingo mgumu. Sasa, Papa alilelewa. Mbele ya mzee aliyelala, kwetu, huingii na kofia kichwani, hata awe mzee wa nani. Akaivua pale mlangoni. Mikono yote miwili ilihitajika, kiti kilikuwa na beseni, na kofia haiwekwi sakafuni kama kiatu. Akaiweka mahali palipokuwa wazi, kwenye blanketi, karibu na miguu ya mzee. Akainama kumshika mabega.

Mzee akawa mzito ghafla. Alikuwa anaangalia miguuni kwake.

"Nani iko kufa hapa?" akauliza.

"Hakuna mutu anakufa, muzee," Papa akasema. "Tunakugeuza tu."

"Kofia iko kitanda."

Papa aliichukua upesi, akaomba radhi mara kadhaa bila kujua anaomba radhi ya nini. Mzee akatueleza, taratibu, kama anavyoeleza mtu mwenye muda wa kutosha. Kijijini kwao daktari na padri walivaa kofia. Daktari akija na kuona hakuna la kufanya, anakaa ukingoni mwa kitanda na kuweka kofia yake hapo. Halafu anaitwa padri na mafuta ya mwisho, naye anaweka yake. Nyumba za maskini hazikuwa na viti vya kutosha. Alikuwa mdogo kuliko mimi alipoona kofia mbili juu ya miguu ya baba yake, na baba yake hakuona asubuhi. Baadaye aliziona juu ya miguu ya kaka yake.

"Wewe hapana makosa," akamwambia Papa. "Wewe leta habari tu."

Kuanzia siku hiyo mzee hakula.

Hakugoma kwa kelele. Maman analeta supu, anasema asante mama, anafunga mdomo. Daktari alikuja, akasikiliza moyo, akasema ni moyo wa dereva wa lori, kinachotakiwa ni chakula. Bi Rina akasema kwenye simu kwamba ni huzuni ya mpira, itapita, baba yake ni Mwitalia damu damu. Maman akajaribu tambi, akajaribu uji, akajaribu kulia. Mzee akampapasa mkono na kumuuliza kama sisi tumekula.

Chumbani kwetu Papa na Maman waliongea wakidhani mimi naangalia televisheni.

"Batasema tulimunyima chakula," Papa alisema.

"Nani atasema?"

"Bote. Mpira unabakisha siku kidogo kuisha. Muzungu anakufa mu nyumba yake mwenyewe, funguo iko kwa muke wangu, na muke wangu ni Mukongomani. Weye ungekuwa polisi, ungeuliza nini?"

Maman akafikiri. "Ningeuliza alikula nini mara ya mwisho."

"Njo ile nasema."

"Basi tumulishe kwa nguvu?"

"Umulishe kwa nguvu, batasema ulimukaba."

Mimi nikacheka, maana ilisikika kama mchezo. Papa akageuka kuniangalia, wala hakunikemea. Alikuwa anashikashika ile kofia, anaigeuza kama inaweza kuwa na upande mwingine.

Ni Maman aliyepata dawa, na aliipata kwa kuwa mpishi. Alisimama katikati ya chumba na kijiko mkononi.

"Ile sahani ya mama yake," akasema. "Mafuta na maji havichanganyikake. Hata huyu mutoto anajua. Nitamufanyia, ataona matone iko mazima, moyo wake utatulia, atakula."

"Na pastor?"

"Mafuta yenyewe ni ya pastor."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa na kichupa cha mafuta ya upako kutoka kanisani, mafuta ya zeituni safi, yaliyoombewa kwa mfungo. Maman alikuwa shemasi. Nilimwona akikitazama kile kichupa kwa muda, akipatana nacho.

Mzee alipoambiwa alisita. "Maneno iko wapi? Maneno, mama napa binti, ile siku ya mkesha ya Noeli. Mwanaume hapana pata. Mimi hapana jua."

"Maneno niko nayo, muzee."

"Ya Kalabria?"

"Ya Uvira. Mungu anasikiaka yote mbili."

Alimwangalia Maman kwa macho yake ya maji. Halafu akaomba ainuliwe akae, na akanywa mafunda mawili ya chai. Sikuwa nimemwona akimeza kitu tangu ile asubuhi. Maman alinitazama juu ya kichwa chake, na uso wake ulikuwa umeshapona.

Akaniambia nilete sahani ya shimo, ile nyeupe yenye mstari wa bluu, iliyokuwa ya marehemu mke wa mzee. Tulikuwa tumeitumia kulia samaki jana yake. "Ioshe vizuri isinuke samaki," akasema. "Hii ni kitu ya Mungu."

Kuosha vyombo ilikuwa kazi yangu siku zote. Siku hiyo niliifanya kama sijawahi. Nilimimina sabuni ya kijani kama anayeosha basi. Nikasugua mpaka sahani ikalia chini ya kidole. Maji ya bomba yalikuwa yamekatwa tangu alfajiri, tulikuwa na ndoo moja tu ya akiba, na nilifundishwa kutochezea maji ya ndoo. Nikaimwagia kikombe kimoja cha maji, nikaikausha na taulo safi. Ilikuwa inang'aa. Nilinusa: hakuna samaki hata kidogo.

Papa alisimama mlangoni, kichwa wazi, mikono nyuma. Maman akaweka sahani mapajani mwa mzee juu ya trei, akamimina maji ya kunywa kutoka kwenye chupa. Akafumba macho na kuanza zaburi, haraka haraka, kwa sauti ile ya ibada ya maombi. Akachovya kidole kwenye mafuta. Tone likaanguka.

Halikukaa. Lilifunguka, likawa jembamba, likakimbilia ukingoni kama limefukuzwa, halafu likawa halipo.

Maman akafumbua macho. Akachovya tena. La pili likafanya vile vile, na la tatu. Zaburi ikakatikia njiani. Nilisikia mavuvuzela mbali, upande wa mjini, na mzee akiwa ameinama juu ya sahani kama anasoma.

"Ona," akasema.

Maman akafunga kichupa.

"Asante, mama. Wewe fanya vizuri." Akaomba alazwe, akageukia ukutani.

Nilimfuata Maman jikoni. Alichukua bakuli jingine kabatini, akatia maji, akadondosha mafuta. Matone yakakaa, mviringo, manjano, yakaelea yakimwangalia. Akakimbia nalo kwa mzee, akamwita, akamwambia tazama, muzee, tazama sasa, yako mazima. Mzee hakufungua macho.

"Ya kwanza ndiyo kweli," akasema kwa ukuta.

Maman alirudi jikoni. Akaimwaga ile sahani ya mstari wa bluu, akapitisha kidole ndani yake, akasugua kidole na dole gumba, akanusa. Kisha akaniangalia. Nikamuuliza, "Maman, ni nini?"

"Hapana kitu. Enda ucheze."

Mzee alikufa mpira ukiwa bado haujaisha, mchana, Maman akimbadilishia mto. Alikuwa amekuwa mwepesi kiasi kwamba Maman alimuinua peke yake, na mgongo wake ule ule mbovu.

Bi Rina alikuja na ndege. Alimkumbatia Maman mlangoni, wakalia wote. Alisema hajui familia yake ingefanya nini bila sisi. Alipoingia chumbani kukusanya nguo za baba yake, alivua kofia yake pana ya jua na kuitupa juu ya godoro lililo wazi, akaanza kufungua makabati. Hakujua. Maman akaenda, akaiokota, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mazishini Bi Rina alizungumza kwa Kiingereza kuhusu asili yake ya Kiitalia, mchuzi wa nyanya wa Jumapili, na jinsi mpira ulivyouvunja moyo wa baba yake. Sisi tulikaa benchi la nyuma, Wakongomani watatu, na nadhani katika kanisa lile zima ni sisi tu tuliojua mzee amekufa kwa ugonjwa gani.

Papa alingoja polisi. Alikuwa ameshapanga cha kusema, alikuwa akikisema peke yake akifunga viatu. Hawakuja. Hakuna mtu aliyeuliza alikula nini mara ya mwisho. Nyumba ikauzwa, tukahamia ghorofa moja katikati ya mji, familia tatu na pazia, na waliotaka tuondoke walikuja kweli, ila miaka mingine, na hicho ni kisa kingine kisicho na mzaha wowote. Papa hakuvaa kofia tena. Mlinzi wa magari bila kofia kwenye jua la Durban. Kichwa kilimbabuka kama kiazi cha kuchemsha. Msimamizi alipomuuliza alisema ana chawa, na hakuulizwa tena.

Miaka ikapita nikasomea maigizo, nikafundishwa vichekesho vya kale vya Kiitalia, vya kuvaa vinyago na kuanguka chini. Mwalimu alituambia waigizaji wa Italia wanaogopa nguo ya zambarau jukwaani. Darasa likacheka. Mimi ndiye niliyekuwa mcheshi wa darasa, na sikucheka. Mwishoni mwa wiki niliosha vyombo kwenye mgahawa mmoja Berea ili nipate nauli. Jioni moja nilidondosha mafuta kwenye sufuria yenye mabaki ya sabuni. Yakafunguka, yakakimbilia ukingoni, yakapotea. Nilisimama pale, bomba likimwagika, mpaka mpishi akasema, "Eish, wewe unaosha ama unaomba?"

Nimejaribu kulifikiria jambo hili kama mtu mzima. Mzee alikuwa na miaka tisini. Angekufa hata kama Papa angekuwa amezaliwa bila kichwa. Lakini hakufa kwa uzee. Alikuwa amebeba kijiji chake kupitia Uhabeshi na Kenya na Durban, kimekonda mpaka kikabaki kofia na sahani, akakiweka mikononi mwa watu pekee waliokuwa karibu, nasi tukakipokea kwa adabu zetu zote: Papa na heshima yake, mimi na sabuni yangu. Siamini kofia inaua. Ila kwangu hakuna kofia inayowekwa kitandani, na mgeni akiweka yake natabasamu huku natafuta msumari.

Maman sasa ni bibi. Anakuja kula kwetu Jumapili. Tukimaliza, mimi huosha vyombo, maana ni mume wa kisasa na nina kitambi cha kuthibitisha jinsi ninavyolishwa. Namaliza, napanga vyombo, nakaa. Maman anainuka na magoti yake yanayouma, anaenda kwenye sinki, anachukua sahani moja moja, anazisuuza upya chini ya bomba, zote, taratibu. Hasemi kitu. Hajawahi kusema kitu. Mke wangu anaona ni dharau, kwamba mama mkwe anamwambia jiko lake chafu, na juzi akanitaka nizungumze naye. Nikamwambia asijali, mwenye kasoro si yeye.

"Ni nani basi?" akauliza.

Nami, ninayelipwa kwa kuongea mbele ya watu, nikachukua kitambaa nikaanza kukausha.